Kitoa Pini Kilichomwangusha Masanja

Nyie mnaoanza ufundi wa baiskeli miaka hii nawaonea wivu, na papo hapo nawahurumia. Wivu ni kwa sababu mnavipata vifaa ambavyo sisi tulikuwa tunavisikia tu kwa watu. Huruma ni kwa sababu viko vingi, vyote vinang'aa, na kila muuzaji anaapa. Siku hizi mtu anafungua simu, anaona picha ya kifaa cha kukatia cheni, anaagiza, kinaletwa na basi. Sawa, lakini picha haina uzito. Picha huwezi kuizungusha ukasikia kama inakwaruza.

Mimi naitwa Skolastika, ila ukifika hapa Makanyagio, Mpanda, ukamuulizia Skolastika watakupeleka kwa mwalimu wa kwaya. Ulizia Fundi Skola. Nilianza kutengeneza baiskeli mwanangu wa kwanza akiwa anatambaa, nikaacha juzi juzi tu, baada ya vidole kuanza kukataa kukunjika asubuhi. Kichwa hakijakataa. Bado nikiona kitu nataka kujua ndani kimekaaje.

Leo nawaeleza kifaa kimoja. Kijiweni kwetu tulikiita kitoa pini. Cheni ya baiskeli, kama hujawahi kuitazama kwa karibu, ni vibao vidogo vya chuma vilivyoshikwa pamoja na pini. Ukitaka kuifupisha, au kuondoa kipande kilichokufa, lazima usukume pini moja itoke kwenye nafasi yake, halafu baadaye uirudishe. Kitoa pini kina kitanda cha kulaza cheni, kina skrubu yenye mpini, na mbele ya skrubu kuna sindano nene. Unazungusha mpini, sindano inasukuma pini. Ni hicho tu, kinaingia mfukoni. Lakini kwa kifaa kidogo namna hiyo nilimvunjisha mtu mkono.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Dismas, Mbende mrefu, mtu ambaye aliongea na baiskeli kuliko alivyoongea na wenye baiskeli. Mimi nilikuwa nauza karanga za kukaanga pembeni ya kijiwe chake. Asubuhi karanga haziuziki, kwa hiyo nilikuwa natazama, na nikitazama nauliza. Kwa nini mafuta unaweka hapa na pale huweki? Kwa nini gurudumu hili linayumba na lile haliyumbi, wakati yote mapya? Baada ya miezi miwili mitatu alichoka kujibu. Akanipa spana, akasema afadhali nifanye mwenyewe labda nitanyamaza. Huko ndiko kuajiriwa kwangu. Sikunyamaza.

Dismas hakuwa na kitoa pini. Alikuwa na nati kubwa ya lori, msumari aliousaga ncha ukawa bapa, na nyundo. Cheni anailaza juu ya nati, pini ikielekea kwenye tundu, msumari juu ya pini, anagonga mara tatu. Pigo la kwanza la kuamsha, la pili la kusukuma, la tatu la kuangalia. Alinikataza kuitoa pini yote. Alitaka ibaki imeng'ata kibao cha nje, kwa sababu ikishadondoka, kuirudisha ni kazi, na tundu ilimotoka linakuwa limelegea. Akimaliza kuunga anapitisha kidole gumba upande huu, halafu upande wa pili. Pini inatakiwa ijitokeze sawa kwa sawa. Akisikia upande mmoja umezidi hata unywele, anafungua upya, mteja akasirike asikasirike.

Mimi nyundo ilinishinda. Nilipinda pini, nilijigonga vidole, na mara moja niligonga nati ikaruka ikaingia kwenye sufuria ya chai ya mama wa pale jirani. Kwa hiyo alipopita mchuuzi mwenye vitoa pini vya rangi ya dhahabu, kila kimoja kwa bei ya sahani mbili za wali maharage, sikufikiri. Nilinunua. Nilimwonyesha Dismas. Akakigeuza geuza kiganjani, akaniuliza kimetengenezwa na nini. Nikamjibu chuma. Akauliza chuma gani. Nikaona huyu mzee ana wivu na kifaa changu, nikakirudisha mfukoni.

Wiki ya kwanza nilikuwa malkia. Sigongi, sitoki jasho, nazungusha tu. Wateja walikuwa wanasimama kuangalia.

Wiki ya pili akaja Masanja. Huyu alikuwa mkulima wa Kabungu, Msukuma mpole, mwenye baiskeli ya mizigo ambayo ilikuwa inabeba kila kitu cha nyumba yake: mahindi ya kusaga, mpunga wa kukoboa, madumu ya asali ya kuuza mjini, na Jumapili mke wake Nyamizi kwenda kanisani. Cheni yake ilikuwa imerefuka, inaruka meno. Nikamwambia tuondoe vipande viwili itakaza. Nikaweka kitoa pini, nikazungusha. Katikati kikawa kigumu. Nikaongeza nguvu, pini ikatoka yote, ikadondoka mchangani.

Nikaitafuta, nikaipata, nikaifuta, nikairudisha kwa kuisindika na kifaa kile kile. Ikaingia. Nikapitisha kidole gumba. Upande wa ndani pini ilikuwa imezidi kidogo. Nilisikia. Nataka mlielewe hili: nilisikia kabisa. Lakini Masanja alikuwa na haraka, wingu lilikuwa limeshajaa, na mimi nilikuwa najivunia kifaa changu mbele za watu. Nikamwambia tayari.

Siku chache baadaye alikuwa anakuja mjini na madumu mawili ya asali nyuma. Kwenye kilima cha kuingilia mji akasimama juu ya pedeli kama mnavyojua watu wa mizigo wanavyopanda. Cheni ikakatika. Mguu ulikanyaga hewa, kifua kikagonga usukani, akaanguka na mkono wa kushoto chini yake. Mkono ukavunjika juu kidogo ya kifundo cha mkono. Dumu moja likapasuka. Mwenyewe baadaye alikuwa anasimulia akicheka, kwamba asali ilipomwagika nyuki walikuja kabla ya watu, na watu walipokuja wakawa wanampa pole wakiwa wamesimama mbali, hakuna anayetaka kusogea. Siku yenyewe hakucheka.

Kesho yake Nyamizi alikuja kijiweni akisukuma ile baiskeli. Alitokea hospitali alikomwacha mumewe. Nilikuwa simfahamu, nilimwona tu mwanamke mwembamba mwenye khanga iliyokauka asali chini. Akatoa cheni kwenye mfuko, akailaza juu ya meza yetu ya mbao. Hakugomba. Aliomba tu nimwambie imekatikia wapi.

Fundi viatu wa jirani, mtu aliyenipenda, akawahi kusema cheni ile ilikuwa imechoka, hata mtoto angeona. Mwingine akasema barabara ile mbovu, wala si kosa la fundi. Walikuwa wananifungulia mlango nitoke. Na nilitaka kutoka, sitawadanganya. Tayari mjini kulikuwa na watu wanaosema mwanamke hawezi ufundi. Nikikubali kosa hili, habari ingefika stendi kabla ya chakula cha mchana. Nikamtazama Dismas. Alikuwa ameinamia gurudumu analinyoosha, na gurudumu lile lilikuwa limeshanyooka tangu asubuhi.

Nikaichukua cheni. Sikuhitaji kutafuta sana.

Nikamwambia, "Mama, imekatikia pale nilipounga mimi. Siku ile nilisikia kwa kidole kwamba pini haijakaa sawa, nikaiacha hivyo hivyo."

Nilijiandaa kutukanwa. Angenitukana ingekuwa rahisi zaidi. Nyamizi alisema, "Mpunga wetu umeiva. Ndege wameshaanza kula."

Basi, hiyo ndiyo ilikuwa hasara yenyewe. Mtu mwenye mkono mmoja hashiki mundu. Mpunga ukikaa unapukutika, na wao mwaka ule mzima walikuwa wanautegemea ule. Nikamwachia mama yangu mtoto, nikaazima mundu, kesho yake alfajiri nikaenda Kabungu.

Nilivuna siku tisa. Mimi ni Mfipa, nimekulia shambani, lakini mikono ilikuwa imezoea spana na siku ya kwanza ilijaa malengelenge. Nyamizi alikuwa anavuna mistari miwili mimi nikimaliza mmoja. Hakunisemesha sana. Siku ya tatu nilimwona mtu mrefu anakuja kwenye tuta na mundu begani. Alikuwa Dismas. Alikuwa amefunga kijiwe. Akachukua mstari wake akaanza, kama vile ndiko alikoamkia siku zote. Jioni tulipokuwa tunanawa, Nyamizi akaniita wifi kwa mara ya kwanza, akanipa ugali na kisamvu, na nyama ya kuku mmoja tuliyemgawana watu wanne.

Masanja alikuwa anakaa pembeni ya shamba, mkono umefungwa hogo la plasta, akifukuza ndege kwa kupiga debe na mkono uliobaki. Na hapa ndipo jambo lenyewe linapoanza, kwa sababu Masanja alikuwa mdadisi kama mimi. Kile kipande cha cheni kilichokatika alikuwa amekihifadhi kwenye kiberiti kitupu. Siku ya tano au ya sita tukiwa tumepumzika akanionyesha. Akasema vibao vyote vina tundu la duara, isipokuwa kile kilichokatika. Kile tundu lake limekuwa kama yai.

"Dada, wewe fundi," akaniambia. "Kwa nini tundu limekuwa kama yai?"

Nilijua pini ilikaa vibaya, lakini kwa nini kifaa kitanue tundu la duara likawa la yai, sikujua. Nilikaa nalo swali hilo siku zote zilizobaki, nikivuna huku naliwaza. Tulipomaliza na mpunga ukawa ndani, nilirudi mjini, na hata nyumbani sikupita kwanza. Nilienda Kawajense kwa Fundi Ramadhani, mzee aliyekuwa anakereza vyuma.

Ramadhani alikishika kitoa pini changu cha dhahabu, akakipima kwa kiganja, akatikisa kichwa. Akaleta sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Akaigusisha kwenye mwili wa kifaa. Haikunasa. Nilidhani sumaku imekufa, akaigusisha kwenye nyundo, ikanasa tap. Akanieleza kuwa mwili ule si chuma, ni madini laini yaliyoyeyushwa yakamiminwa kwenye umbo, halafu yakapakwa rangi. Kisha akachukua tupa, akaipitisha kwenye sindano. Tupa ikala, vumbi likadondoka. Akachukua keekee ya kutobolea chuma, akapitisha tupa ile ile. Ikateleza kwa mlio mwembamba kama kioo, haikuacha hata alama.

Akanipa tupa nijaribu mwenyewe. Nikasikia kwa mkono kabisa: chuma laini kinang'ang'ania tupa, chuma kigumu kinaikataa.

Halafu akaifungua sindano, akailaza juu ya kioo na kuiviringisha. Ilikuwa inarukaruka. Ilikuwa imepinda. Jibu la Masanja likawa pale juu ya kioo. Pini ya cheni ni ngumu kuliko sindano niliyoisukumia. Siku kifaa kilipokuwa kigumu katikati, si pini iliyokuwa inakataa. Ni sindano iliyokuwa inapinda. Na sindano iliyopinda haisukumi moja kwa moja, inasukuma kwa ubavu, inatanua tundu upande mmoja. Mwishoni Ramadhani akakibana kifaa kwenye jiliwa, akakigonga mara moja. Kikapasuka vipande viwili, na ndani kilikuwa na chembechembe za kijivu kama sukari guru iliyokaa vibaya.

Wiki hiyo nilikuwa kama kichaa. Nilipitisha tupa kwenye kila kitu: spana, pedeli, jembe, kisu cha jikoni. Mume wangu alificha sufuria. Lakini nilipokwenda sokoni kununua kitoa pini kingine, nilikwenda na macho mapya, na haya ndiyo ninayotaka mchukue.

Nenda na vipande viwili vya cheni kutoka nyumbani. Kimoja cha ile nene ya baiskeli za mizigo, kingine chembamba cha baiskeli za gia. Nilipofika kwa Mama Zuhura, aliyekuwa na duka la vipuri, alinionyesha kimoja cha bei kubwa, mpini wa mpira, kimewekwa kwenye boksi zuri. Nikajaribu cheni nene, haikuingia kwenye kitanda. Kilikuwa kizuri kweli, ila kwa baiskeli za mashindano. Kwa Mpanda ya wakati ule, ambapo baiskeli tisa kati ya kumi zilikuwa za kubeba magunia, kingekuwa pambo. Bei kubwa haimaanishi kinakufaa wewe.

Cha bei ya chini kilikuwa ndugu wa kile changu cha dhahabu kilichopasuka. Hicho nilikijua kwa sumaku tu.

Cha tatu kilikuwa kibaya cha sura. Cheusi, hakina boksi, kimejaa grisi, kilikuwa chini ya meza kwa sababu hakuna aliyekitaka. Nikakishika, kizito. Sumaku ikanasa. Nikazungusha skrubu kwa ncha za vidole viwili tu: ikaenda laini, nyuzi zake nyembamba na zimekaribiana, sindano ikawa inakwenda mbele bila kuyumba. Nikakagua kitanda: nyuma ya cheni kulikuwa na ukuta mnene wa kuegemea, maana ukuta ndio unaobeba nguvu yote. Mpini wake ulikuwa mrefu kama kiganja changu, kwa hiyo mkono usingeumia. Nikauliza kuhusu tupa. Mama Zuhura akakataa, akasema nikikwaruza nimenunua. Nikamwomba nijaribu sindano kwa ndani, sehemu isiyoonekana. Akaniambia tangu afungue duka hajaona mteja anayemkagua chuma kama mchumba. Akaniruhusu. Tupa ikateleza.

Kisha akanionyesha kitu ambacho mimi sikukiona: kwenye mpini kulikuwa na kifuniko, na ndani yake sindano ya akiba. Hapo nilielewa maana ya kifaa chenye thamani. Aliyekitengeneza alijua kwamba hata sindano ngumu siku moja itakatika, akakuandalia. Kile cha dhahabu sindano yake ikifa, kifaa chote kimekufa. Bei ya hiki cheusi ilikuwa kama mara nne ya kile, na nimekitumia miaka yote mpaka nilipoacha kazi, nikibadilisha sindano tu.

Kukitumia pia kuna adabu yake. Tia tone la mafuta kwenye skrubu kabla ya kukaza. Hakikisha sindano imelenga katikati ya pini kabla hujaweka nguvu; inama uangalie, usibahatishe. Hesabu mizunguko ya pini ya kwanza, ili zinazofuata ujue uishie wapi kabla haijatoka yote. Kikiwa kigumu ghafla, simama. Rudisha nyuma, angalia tena. Ukishaunga, kipande kile kitakuwa kimekaza. Kishike kwa mikono miwili ukipinde taratibu kushoto na kulia mpaka kilegee. Na ukisikia haijakaa sawa, fungua. Mvua inaweza kumnyeshea mteja, atakauka.

Kuhusu habari kufika stendi, ilifika. Kwa miezi kadhaa wateja walipungua. Wengine walikuwa wanakuja, wanauliza kama Dismas yupo, wakiambiwa hayupo wanakumbuka wana haraka. Nilikuwa naziba tyubu na kupaka mafuta, kazi ndogo ndogo. Nilifikiria kurudi kwenye karanga. Dismas hakunibembeleza, aliendelea tu kuniwekea spana upande wangu wa meza kila asubuhi.

Kiangazi kilipokolea Masanja akaja. Nilimwona tangu mbali, anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mpunga, na cheni inaning'inia. Mkono wa kushoto ulikuwa umepona ila haukunyooka vizuri. Cheni ilikuwa imekatika tena, mahali pengine kabisa, kipande cha zamani kilichoisha kwa kazi. Nikamweleza kwanza habari ya tundu la yai, sindano iliyopinda, sumaku, tupa, yote. Alisikiliza kama mtu anayesikia mwisho wa hadithi aliyokatishwa, akataka kukishika kile cheusi, akakizungusha kwa vidole viwili, akauliza maswali mawili ambayo nilikuwa na majibu yake.

Kisha nami nikamuuliza langu. Cheni ilikatikia mbali, na njia yote ya kuja kwangu alikuwa amewapita mafundi wawili, wanaume, wenye majina. Kwa nini alisukuma baiskeli yenye magunia mpaka kwa mtu aliyemvunja mkono?

Masanja akaegemeza baiskeli kwenye meza yangu.

"Wale sijui wakikosea watasema nini," akasema. "Wewe nimeshakusikia."